Kinga ya shingo katika futiboli ya Kimarekani: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kutumia kola

Kola ya shingo ni miongoni mwa vifaa vya futiboli ya Kimarekani vinavyonunuliwa kwa hofu zaidi kuliko kwa ufahamu. Mzazi humwona kijana wake akirudi kutoka mazoezini ameshika bega, akieleza kwamba mkono uliwaka moto kisha ukafa ganzi, na kesho yake huenda dukani kununua kola nene kuliko zote akiamini kuwa shingo sasa imekingwa. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Kola iliyochaguliwa vizuri inaweza kupunguza aina moja ya jeraha, yaani kuvutwa au kubanwa kwa neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi. Haizuii kuvunjika kwa shingo, na ikiwa ndefu mno au imefungwa vibaya, inaweza kumsukuma mchezaji kwenye mkao ule ule unaovunja shingo.

Mwongozo huu unawalenga wachezaji, makocha na wazazi wasomao Kiswahili, hasa familia zilizohamia Marekani kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi ambazo watoto wao wamejiunga na timu za shule za sekondari. Wengi wa wazazi hawa hawakukulia katika mchezo huu, na mara nyingi hupewa fomu za kutia saini kabla hawajaelezwa ni kifaa gani kinalinda nini.

Majeraha mawili yasiyofanana

La kwanza ndilo la kawaida, na Wamarekani huliita stinga. Neva zinazotoka kati ya pingili za shingo hukusanyika kuwa fungu moja linalopita nyuma ya mtulinga kuelekea mkononi. Neva za juu za fungu hilo, zile zinazotoka karibu na pingili ya tano na ya sita, huumia kwa njia tatu. Bega linaweza kusukumwa chini huku kichwa kikielekezwa upande wa pili, na neva zikavutwa. Kichwa kinaweza kusukumwa nyuma na kando kuelekea upande ule ule wa bega, na matundu ambamo neva hupita yakabana. Au pigo linaweza kutua moja kwa moja juu ya mtulinga, mahali ambapo neva ziko karibu na ngozi. Mchezaji husikia moto au shoti ikishuka mkono mmoja, na msuli wa bega na ule wa mbele wa mkono hulegea kwa sekunde kadhaa au dakika chache, ingawa kwa baadhi yao udhaifu huendelea kwa siku au wiki. Tafiti zilizofanywa kwa wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani zimewahi kuonyesha kwamba karibu nusu yao, na katika baadhi ya makundi zaidi ya nusu, walishapata stinga angalau mara moja.

Jeraha la pili ni la nadra lakini ndilo linalopoozesha. Katika hali ya kawaida shingo ina mpindo mdogo unaoiwezesha kunyonya nguvu ya pigo kwa msaada wa misuli. Mchezaji anapoinamisha kichwa kwa takriban nyuzi 30, mpindo huo hupotea na pingili zinanyooka katika mstari mmoja. Akigonga kwa utosi wa helmeti akiwa katika mkao huo, kichwa husimama lakini kiwiliwili kinaendelea kusonga, na pingili zilizo katikati hubanwa kama mabehewa ya treni ambayo injini yake imegonga ukuta. Pingili ikivunjika au ikiteguka, ugwemgongo, yaani kamba kuu ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, huumia.

Daktari Joseph Torg wa Philadelphia ndiye aliyelithibitisha jambo hili kwa kumbukumbu. Mwaka 1975 alianzisha rejista ya kitaifa ya majeraha ya kichwa na shingo katika futiboli, na taarifa zake zilionyesha kuwa chanzo kikuu cha kupooza kilikuwa kugonga kwa utosi wa kichwa. Mwaka 1976 NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo, na shirikisho la shule za sekondari zilipiga marufuku ugongaji huo. Katika hesabu za rejista yake, waliopooza mikono na miguu walipungua kutoka 34 katika msimu wa 1976 hadi 5 katika msimu wa 1984. Ninalisisitiza hilo kwa sababu hakuna kola iliyoleta mabadiliko hayo. Yaliletwa na kanuni pamoja na makocha waliokubali kufundisha upya namna ya kumkaba mtu.

Ni vyema pia kumkumbuka Mike Alstott, fulbeki (mchezaji wa ushambuliaji anayebeba mpira na kuwafungulia wenzake njia) wa timu ya kulipwa ya Tampa Bay Buccaneers, ambaye kwa miaka mingi alitambulika uwanjani kwa kola nene iliyokuwa nyuma ya shingo yake. Alifanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2003, na mapema mwaka 2008 alistaafu kwa sababu ya jeraha jingine la shingo.

Hatua ya kwanza: fahamu kwa nini kola inahitajika

Kabla ya kununua chochote, jibuni swali moja: je, mchezaji huyu amewahi kupata stinga? Ikiwa hajawahi, ana umri mdogo na anacheza nafasi isiyo na migongano mingi, mara nyingi hahitaji kola, na fedha hizo zingefaa zaidi kutumika katika pedi za mabega zinazomwenea. Wanaofaidika zaidi ni wale ambao wameshapata stinga wakachunguzwa na daktari, hasa wachezaji wa mstari wa mbele wa ulinzi na wa ushambuliaji, walinzi wanaosimama nyuma ya mstari huo, na mafulbeki, kwa kuwa wao hugongana bega kwa bega karibu katika kila mchezo unaoanzishwa.

Neno "wakachunguzwa" halikuwekwa kwa urembo. Stinga inayojirudia inaweza kuwa dalili ya diski iliyotoka mahali pake au ya njia nyembamba ya ugwemgongo, na kola inaweza kuficha tatizo hilo kwa miezi kadhaa. Katika uchunguzi wa afya unaofanywa kabla ya msimu, fomu huuliza kama mtoto aliwahi kupata ganzi, moto au udhaifu mikononi au miguuni baada ya kugongwa. Jibuni ukweli wote, hata kama kijana anaomba lisiandikwe kwa kuogopa kuachwa nje ya kikosi. Mzazi asiyemudu Kiingereza ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo katika hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi, wala usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri, kwa sababu mtoto anayetaka kucheza atatafsiri kwa namna itakayomruhusu kucheza.

Hatua ya pili: anza na pedi za mabega na helmeti

Kola yoyote hutegemea pedi za mabega. Ikiwa pedi ni kubwa mno na zinateleza, kola nayo itateleza, na pigo litakapokuja itakuwa mahali pasipostahili. Ndiyo maana hatua hii inastahili muda mrefu kuliko ya kununua kola yenyewe.

Mpime mchezaji mgongoni, kutoka ncha ya bega moja hadi ncha ya bega la pili, akiwa amesimama wima na mikono imelegea, kisha mlinganishe kipimo hicho na jedwali la mtengenezaji. Pedi zikishavaliwa na mikanda kukazwa, kingo zake zifunike ncha za mabega na sehemu ya juu ya msuli wa bega, na mtulinga wote uwe umefunikwa kwa mbele. Kisha mwambieni anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa. Tundu la shingo lisibane koo wala pande za shingo. Likibana, pedi ni ndogo. Likiacha nafasi kubwa kiasi kwamba pedi zinayumba unapozishika mbele na nyuma na kuzitikisa, basi ni kubwa au mikanda imelegea. Mikanda ya kwapani ndiyo hupuuzwa kuliko yote. Vijana huiacha ikining'inia kwa sababu inawasha, ilhali ndiyo inayozuia pedi kupanda juu na kugonga shingo.

Kuna pia vipande vya sponji vinavyowekwa chini ya pedi za mabega ili kuziinua kidogo. Kwa mchezaji mwenye stinga zinazotokana na bega kusukumwa chini, au na pigo la moja kwa moja juu ya mtulinga, vipande hivyo pekee wakati mwingine hutosha, na havimzuii kugeuza kichwa. Muulizeni mtunza vifaa wa timu kama anavyo kabla hamjatoa fedha kwa ajili ya kola.

Helmeti nayo ikae kwa usawa, ukingo wake wa mbele ukiwa takriban inchi moja, yaani upana wa vidole viwili, juu ya nyusi. Ukishika wavu wa uso na kuuvuta huku na huku, ngozi ya paji la uso iende pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inazunguka peke yake, ni kubwa au mifuko yake ya hewa haijajazwa. Nywele hubadilisha kipimo hiki kwa kiasi kikubwa. Kijana aliyepimwa akiwa amenyoa, kisha akasuka au akafuga rasta katikati ya msimu, anapaswa kupimwa upya. Kamba za kidevu zifungwe zote.

Hatua ya tatu: chagua aina ya kola

Kola zilizopo zinaweza kugawanywa katika makundi matatu, na tofauti zake ni za maana.

Kundi la kwanza ni kola ya mviringo, yaani sponji nene iliyoviringishwa ndani ya kitambaa na kufungwa kwa kamba kwenye tundu la shingo la pedi za mabega. Hii ndiyo iliyoonekana sana katika miaka ya 1980 na 1990. Ni nyepesi na ni rahisi kuifunga, lakini sponji laini hukubali kubonyea, kwa hiyo kichwa kinaweza kwenda nyuma mbali kuliko inavyodhaniwa. Nikilazimika kuchagua kwa ajili ya kijana mwenye stinga zinazorudi, hii haitakuwa chaguo langu la kwanza.

Kundi la pili ni kola yenye umbo la kizibao, na mfano wake maarufu ni Cowboy Collar ya kampuni ya McDavid. Sponji yake ni ngumu zaidi. Inakaa juu ya mabega chini ya pedi, ikashikiliwa na mikanda, na ukingo wake hupanda nyuma na pembeni mwa shingo. Kwa kuwa inabanwa kati ya mwili na pedi, haisogei kwa urahisi, na unene wake huinua pedi kidogo, jambo linalosaidia pia dhidi ya bega kusukumwa chini. Kasoro yake ni joto, na katika mazoezi ya Agosti huko Texas au Georgia joto si jambo dogo. Kasoro ya pili ni kwamba hubadilisha ukaaji wa pedi, hivyo pedi zilizopimwa bila kola lazima zipimwe tena zikiwa na kola.

Kundi la tatu ni kizuizi cha kipepeo, yaani bamba lenye mabawa mawili linalofungwa nyuma ya pedi za mabega kwa skrubu. Hilo hukutana na ukingo wa nyuma wa helmeti na kuzuia kichwa kisilale nyuma kabisa. Hukaa imara kwa sababu limeshikamana na pedi, lakini linafaa tu kwa pedi zenye matundu yanayolingana nalo.

Vipimo vya maabara kuhusu vifaa hivi vina fundisho moja linalojirudia: kola huzuia kichwa kwenda nyuma vizuri zaidi kuliko kinavyozuiwa kwenda kando. Mwaka 2008 watafiti wa Virginia Tech walizifunga kola kwenye sanamu ya majaribio iliyovishwa helmeti na pedi za mabega, wakaigonga kutoka pande mbalimbali, na matokeo yalitofautiana kulingana na muundo wa kola na mahali pigo lilipotua. Kwa hiyo mchezaji ambaye stinga yake hutokea kichwa kinaposukumwa nyuma ana sababu nzuri ya kutarajia nafuu. Yule ambaye neva zake huvutwa kichwa kinapoenda upande wa pili atarajie nafuu ndogo zaidi, na aweke jitihada katika misuli ya shingo na katika kuinua pedi.

Hatua ya nne: funga kola na uipime

Pima mzunguko wa shingo kwa utepe wa fundi cherehani, chini kidogo ya koromeo, bila kuukaza. Kwa kola ya kizibao pima pia kifua, kwa sababu watengenezaji wengi hutumia kipimo hicho. Usimnunulie kijana kola kubwa kwa matumaini kwamba ataikulia. Viatu vinaweza kusubiri mguu ukue, lakini kola isiyogusa mahali pake haifanyi kazi.

Mfuatano wa kuvaa hutegemea aina. Kola ya kizibao huvaliwa kwanza juu ya fulana, mikanda yake ikakazwa, kisha pedi za mabega, kisha jezi, na mwisho helmeti. Kola ya mviringo na bamba la kipepeo hufungwa kwenye pedi zikiwa mezani, kabla hazijavaliwa. Kwa bamba, tumieni skrubu za mtengenezaji pekee na mzikaze kwa mkono hadi zisitikisike, kisha mhakikishe kuwa hakuna ncha iliyochomoza upande wa ngozi. Msitoboe matundu mapya kwenye pedi. Kanuni za shule za sekondari haziruhusu vifaa vilivyobadilishwa kinyume na vilivyotengenezwa, na pedi iliyotobolewa inaweza kupasuka mahali hapo.

Mchezaji akiwa amevaa vifaa vyote, fanyeni majaribio yafuatayo bila haraka. Asimame wima na kutazama mbele: kola isiguse helmeti kwa namna ya kuisukuma kuelekea mbele. Ikiwa kidevu kinashuka au macho yanaelekea ardhini bila yeye kutaka, kola ni ndefu au nene mno, na haifai hata kama imegharimu fedha nyingi. Kisha ainue kichwa polepole. Anapaswa kuweza kuinua macho na uso kiasi cha kuona mpira uliorushwa juu, na helmeti ikutane na kola kabla kichwa hakijalala nyuma kabisa. Baada ya hapo ageuze kichwa kulia na kushoto hadi aone mtu aliyesimama ubavuni mwake.

Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Achuchumae katika mkao wa kuanza mchezo, mkono mmoja ukiwa chini ikiwa yeye ni wa mstari wa mbele, kisha atazame mbele. Katika mkao huo mgongo umelala, hivyo kichwa hulazimika kuinuka zaidi ili macho yaone. Mtu asimame mbele yake umbali wa hatua tano na amwonyeshe vidole. Ikiwa mchezaji hawezi kuviona pasipo kunyanyua kiwiliwili chote, kola inamzuia kuinua kichwa, naye uwanjani ataingia kwenye mgongano akiwa ameinama. Hapo ndipo kinga hugeuka kuwa hatari. Punguzeni urefu kwa kubadilisha kola, wala si kwa kuikata kwa kisu.

Msiivalishe kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Ivaliwe kwanza katika mazoezi yasiyo na kugongana, halafu katika yenye mgongano mwepesi, huku mtunza vifaa akikagua mikanda kila baada ya mazoezi kwa siku za mwanzo, kwa sababu kamba mpya hulegea.

Hatua ya tano: jenga shingo yenyewe

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanamichezo 6,704 wa shule za sekondari wa soka, mpira wa kikapu na lacrosse (mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu), ulionyesha kwamba kwa kila ongezeko la ratili moja ya nguvu ya shingo, uwezekano wa mtikisiko wa ubongo ulipungua kwa asilimia 5. Haukuwahusu wachezaji wa futiboli, wala haukupima stinga, kwa hiyo si haki kuufanya ushahidi wa kila kitu. Hata hivyo, madaktari wa michezo hupendekeza mazoezi ya shingo kwa kila mwenye stinga, na gharama yake ni muda tu.

Anzeni angalau wiki nane kabla ya msimu, mara mbili au tatu kwa wiki. Mchezaji aketi wima, aweke kiganja kwenye paji la uso, asukume kichwa mbele huku mkono ukikizuia kisisogee, ahesabu hadi kumi, kisha apumzike. Arudie mikono ikiwa kisogoni, halafu kila upande. Nguvu iongezwe hatua kwa hatua, bila kushtua shingo. Baada ya wiki chache aongeze ukanda wa mpira, na mazoezi ya kuinua mabega akiwa ameshika vyuma, kwa kuwa misuli inayoinua bega ndiyo inayopinga kusukumwa chini. Zoezi la kujipinda daraja kwa kuegemeza uzito wa mwili juu ya kichwa liachwe, hasa kwa vijana, kwa sababu huibana shingo katika mkao mbaya. Maumivu yanayoshuka mkononi wakati wa zoezi lolote ni amri ya kuacha na kumwona daktari.

Hatua ya sita: namna ya kugonga

Mkabaji mwenye kola bora na tabia ya kuinamisha kichwa yuko katika hatari kubwa kuliko asiye na kola lakini anayeona anachokigonga. Tarehe 16 Oktoba 2010, Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers alikwenda kumkaba mpinzani katika mchezo dhidi ya Army, timu ya chuo cha kijeshi cha Marekani, kichwa kikainama wakati wa mgongano, na akapooza. Mwaka 2018 NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ilifanya kuinamisha kichwa ili kuanzisha mgongano kwa helmeti kuwa kosa, kwa mchezaji wa upande wowote.

Kocha afundishe, na mzazi aliyeko pembeni atazame, mambo haya: macho yawe juu hadi mwisho wa mgongano, mguso wa kwanza uwe wa bega, na kichwa kiwe pembeni ya mwili wa mpinzani, miguu isogee karibu kabla ya mikono kukumbatia, kwa sababu anayejirusha kutoka mbali huishia kuangukia kichwa. Kanuni hiyo inamhusu pia mbeba mpira, ambaye mara nyingi husahaulika, ingawa huinamisha kichwa ili apate yadi moja zaidi.

Kuhusu Q-Collar

Kifaa hiki huwachanganya wengi kwa sababu ya jina lake. Ni pete wazi yenye umbo la herufi C inayovaliwa shingoni, na haina uhusiano wowote na stinga wala na kuvunjika kwa shingo. Hubana kidogo mishipa ya damu inayotoka kichwani, ili damu nyingi zaidi ibaki ndani ya fuvu na ubongo upunguze kusogea unapotikiswa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kuuzwa mnamo Februari 2021 kwa wanamichezo wenye umri wa miaka 13 na zaidi. Katika utafiti uliotumiwa kwa uamuzi huo, uliofanywa kwa wachezaji 284 wa futiboli wa sekondari, asilimia 77 ya waliovaa hawakuonyesha mabadiliko makubwa katika tishu za ndani za ubongo baada ya msimu, ilhali asilimia 73 ya wasiovaa waliyaonyesha. FDA yenyewe ilieleza kwamba haijathibitishwa kuwa kifaa hicho huzuia mtikisiko wa ubongo au jeraha kubwa la kichwa, na kwamba hakichukui nafasi ya helmeti. Picha za ubongo si sawa na afya ya mtoto, na ningependa mzazi azipime hoja hizo mbili kwa pamoja. Wenye presha ya jicho, kifafa, maji kichwani au mrija wa kuyatoa, pamoja na hali nyingine zilizotajwa kwenye maelekezo yake, hawapaswi kuivaa.

Kutunza

Baada ya mazoezi, kola itolewe kwenye begi, ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, kisha ianikwe kivulini. Jua kali na mashine ya kukaushia hukausha sponji hadi ikapasuka. Bonyeza sponji kwa kidole gumba mara moja kwa mwezi: isiporudi katika umbo lake, imekwisha. Mikanda iliyochakaa na skrubu zenye kutu zibadilishwe mara moja. Helmeti nayo ina ukomo wake, na kampuni za ukarabati zilizo chini ya NAERA, chama cha wakarabati wa vifaa vya michezo, hazipokei helmeti iliyozidi miaka 10.

Jeraha likitokea uwanjani

Mchezaji aliyelala chini na kulalamikia shingo, au asiyejibu, au mwenye ganzi au udhaifu katika mikono yote miwili au katika mguu wowote, ahesabiwe kuwa na jeraha la uti wa mgongo hadi hospitali ithibitishe vinginevyo. Asiinuliwe, asikalishwe, asivuliwe helmeti na wachezaji wenzake wala na mzazi aliyekimbilia uwanjani. Mtu mmoja aliyefunzwa ashike kichwa katika mkao kilipo, mwingine apige 911, namba ya dharura ya Marekani, na wavu wa uso uondolewe ili njia ya hewa ifikike. Helmeti na pedi za mabega huenda pamoja: ama zote zinabaki, ama zote zinatolewa na watu kadhaa waliofunzwa, kwa kuwa kutoa kimoja hukiacha kichwa kimeinama mbele au kimelala nyuma. Mwanzoni mwa msimu, mtaalamu wa tiba ya michezo wa timu aonyeshwe kola ya kila mchezaji na namna inavyofunguliwa au kukatwa, kwa sababu dakika ya ajali si wakati wa kuisoma.

Stinga ya mkono mmoja ina taratibu zake. Mchezaji atoke nje hata kama anasema ameshapona. Anaweza kurudi siku hiyo ikiwa tu ni mara yake ya kwanza msimu huo, moto na ganzi vimekwisha kabisa, shingo haiumi ikiguswa, inageuka pande zote bila maumivu, na nguvu ya bega na mkono inalingana na ya upande wa pili inapopimwa na mtaalamu. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, siku yake imekwisha. Akipata ya pili, apumzishwe na achunguzwe na daktari, ambaye anaweza kuagiza picha ya MRI. Udhaifu ukizidi wiki tatu, kipimo cha umeme wa misuli na neva huonyesha kiasi cha uharibifu, na kikifanywa mapema zaidi ya hapo kinaweza kukosa kuuona. Mchezaji ambaye picha zinaonyesha njia nyembamba ya ugwemgongo, mpindo wa shingo uliopotea na alama za majeraha ya zamani, na ambaye ana tabia ya kugonga kwa utosi, haruhusiwi kurudi katika mchezo wa kugongana. Hali hiyo ilielezwa na Torg na wenzake mwaka 1993, na hakuna kola inayoibadilisha. Barua ya daktari inayomruhusu au kumzuia itolewe kwa maandishi, nakala moja apewe mtaalamu wa tiba ya michezo, nyingine kocha, na ya tatu ibaki nyumbani, kwa kuwa fomu ya uchunguzi wa msimu ujao itauliza habari zake.